Bakuli la vipande: kulikata, kuliunga na kulikereza

Kila karakana ya samani mjini Tanga ina kona ya mabaki. Hapo utakuta vichwa vya mninga vilivyopunguzwa kwenye miguu ya vitanda, ncha za mtiki zilizobaki baada ya kuunda fremu za milango, na pengine kijiti cha mpingo ambacho fundi amekihifadhi miaka mingi bila kujua atakitumia wapi. Mabaki hayo huishia kwa mama lishe, na sioni ubaya, kwa kuwa wali hauivi bila moto. Hata hivyo, kipande cha mninga chenye upana wa milimita 30 na urefu wa milimita 70 kinatosha kuwa sehemu ya bakuli zuri la matunda, mradi upate vingine 71 vya kukaribiana nacho na uwe na subira ya kuviunga.

Bakuli la vipande hujengwa kwa pete za mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila pete ikiwa imeungwa kwa vipande vilivyokatwa mshazari, kisha mrundo wote hukerezwa, yaani huzungushwa kwenye mashine huku ukichongwa kwa patasi, hadi ukawa duara. Chano na vinu vya wazee wetu vilichongwa kutoka kwenye gogo moja, na kazi hiyo ilihitaji mti mnene ambao siku hizi ni ghali na haupatikani kirahisi. Zaidi ya hapo, bonge la mbao lenye upana wa milimita 240 huchukua muda mrefu kukauka, na likikauka mara nyingi hupasuka, au bakuli lake hugeuka umbo la yai, kwa sababu mbao husinyaa sana kwa upana na husinyaa kidogo mno kwa urefu wa nyuzi zake. Katika pete ya vipande nyuzi zote hufuata mzunguko wa duara, kwa hiyo bakuli hubaki duara hata hewa ikibadilika.

Mzee aliyenifundisha kukereza miguu ya vitanda vya samadari, pale mtaani Ngamiani, aliponiona naharakisha kuwasha mashine alikuwa akiniambia: "Mwanangu, mashine haiungi mbao. Mashine inaonyesha tu ulivyounga." Nimekuja kumwelewa baadaye. Katika kazi hii saa nyingi hupita mezani, kwenye penseli, msumeno na gundi, na anayezipunguza saa hizo ili awahi kukereza atakereza nyufa. Kwa sababu hiyo maelezo yangu yatakuwa marefu kwenye kukata na kuunga, na mafupi kwenye mambo ambayo mkereza yeyote anayajua.

Mbao

Mninga ndiyo mbao ninayoipendekeza kwa bakuli la kwanza, kwa kuwa husinyaa kidogo, hukerezeka vizuri na hushika gundi bila usumbufu. Mtiki, ambao hapa kwetu hupatikana kwa sababu ya shamba la miti la Longuza wilayani Muheza, ni mzuri pia, ila una mafuta ndani yake na chembe ngumu zinazofanana na mchanga, ambazo hufifisha makali ya patasi mapema kuliko unavyotarajia. Mkangazi ni laini na rangi yake nyekundu hupendeza. Mpingo utumie kama urembo tu, yaani pete moja nyembamba au vipande vichache katikati ya pete ya mbao nyeupe. Ni mzito kuliko maji, ni mgumu mno, na ukiuchanganya na msonobari au mbao nyingine laini, msasa utakula ile laini na kuuacha mpingo umetokeza kama mshipa. Hata mabaki uyanunue kwa mtu anayeweza kuonyesha risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hasa kama ni mpingo au mninga.

Mbao zote za bakuli moja zinapaswa kuwa na ukavu unaolingana. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo kwetu wa pwani si jambo geni, huiacha mbao na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu, ilhali hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huishusha hadi karibu asilimia 9. Mbao iliyotoka kwenye mvua ya masika ikiungwa na ile iliyokaa mwaka mzima juu ya dari, kila moja itasinyaa kwa kiwango chake, na kiungo ndicho kitakacholipa. Mimi huzikata mbao kuwa fito kwanza, nikazipanga ndani ya karakana zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na nikaziacha wiki tatu au nne kabla ya kuzigusa tena.

Mchoro na hesabu

Bakuli nitakalolieleza lina kipenyo cha milimita 240 mdomoni na kimo cha milimita 108, yaani kitako na pete tano juu yake, kila tabaka likiwa na unene wa milimita 18 na vipande 12. Chora nusu ya umbo lake kwa ukubwa halisi kwenye karatasi ngumu, ukionyesha ukuta wa nje na ukuta wa ndani, kisha piga mistari ya mlalo kila baada ya milimita 18. Kila nafasi kati ya mistari miwili ni pete moja. Katika nafasi hiyo tafuta mahali ukuta wa nje ulipofika mbali zaidi na katikati, na mahali ukuta wa ndani ulipokaribia katikati zaidi. Vipimo hivyo viwili, ukiongeza milimita 5 nje na kupunguza milimita 5 ndani kwa ajili ya kukereza, ndivyo vitakavyokupa ukubwa wa pete.

Pembe ya kukata hupatikana kwa kugawa 180 kwa idadi ya vipande. Vipande 12 hutoa digrii 15, vipande 8 digrii 22.5, vipande 16 digrii 11.25. Urefu wa upande wa nje wa kipande hupatikana kwa kuzidisha kipenyo cha nje cha pete kwa 0.268 ikiwa vipande ni 12, kwa 0.414 ikiwa ni 8, na kwa 0.199 ikiwa ni 16. Pete yetu ya juu kabisa itahitaji kipenyo cha nje cha milimita 250 pamoja na nyongeza, kwa hiyo kila kipande kitakuwa na milimita 67 upande wa nje. Pete ya kwanza juu ya kitako, yenye kipenyo cha milimita 175, itahitaji vipande vya milimita 47.

Upana wa kipande ndio unaowakosesha wengi. Kabla haijakerezwa pete si duara, ni umbo la pande 12, na pembe zake za ndani zimejificha mbali zaidi na katikati kuliko pande zake. Ukipima upana kwa kutoa nusu kipenyo cha ndani kwenye nusu kipenyo cha nje tu, utakereza ndani na kukuta mashimo 12 madogo pale pembe zilipokuwa. Njia sahihi ni kuzidisha kwanza nusu kipenyo cha ndani kwa 0.966, kisha kutoa jibu kwenye nusu kipenyo cha nje. Kwa pete ya juu, yenye nusu kipenyo cha nje cha 125 na cha ndani cha 105, tunapata 125 kutoa 101.4, yaani milimita 23.6; chukua 24. Pete ya kwanza, ambayo ukuta wake umelala sana kwa sababu bakuli linapanuka haraka pale chini, itahitaji upana wa karibu milimita 48. Usishangae basi kuona pete za chini zinakula mbao pana kuliko za juu ingawa ni ndogo.

Kukata

Kila kipande kina mikato miwili, na pete ina mikato 24. Msumeno wako ukikosea robo ya digrii tu katika kila mkato, makosa hayo hujumlishwa kuwa digrii 6, na kwenye pete ya kipenyo cha milimita 250 utakuta kipande cha mwisho kimeacha uwazi wa takriban milimita 13 upande wa nje. Hakuna gundi wala vumbi la mbao la kuziba pengo hilo. Ndiyo maana siamini alama za digrii zilizochorwa kwenye misumeno ya meza, hata ile mipya.

Ninachokifanya ni kutengeneza kigari cha kukatia: ubao bapa wa plaiwudi unaoteleza juu ya meza ya msumeno, ukiwa na reli mbili za kuegemezea ufito, moja mbele na moja nyuma. Reli hizo hazilingani mwelekeo, na pembe iliyopo kati yake ni lazima iwe digrii 30 kamili. Pembe hiyo sitaipima kwa kipima pembe. Nitakata pembetatu ya plaiwudi yenye kona moja mraba, ambayo upande wake mrefu kabisa ni milimita 400 na upande mfupi ni milimita 200. Upande wa tatu ukitoka milimita 346 na kidogo, basi kona iliyo mkabala na upande mfupi ni digrii 30, na tepu ya kawaida imetosha kuthibitisha. Funga reli ya kwanza kwa skrubu ikiwa karibu na digrii 15 kadiri unavyoweza, egemeza pembetatu juu yake, sukuma reli ya pili iguse ukingo mwingine wa pembetatu, kaza skrubu, kisha ondoa pembetatu.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba ufito hukatwa mara moja kwenye reli ya kwanza, mara moja kwenye reli ya pili, bila kugeuzwa juu chini, na kipande kinachotoka kina pembe iliyolingana na pembe iliyo kati ya reli. Reli ya kwanza ikiwa ni digrii 14.8, ya pili itakuwa 15.2, na jumla yake itabaki 30. Vipande 12 vya digrii 30 hufunga duara. Kinachobaki ni kuhakikisha kwa skwea, kile kipimo cha kona mraba, kwamba meno ya msumeno yamesimama wima juu ya meza, kwa sababu msumeno ulioinama kidogo hufanya pete ijikunje kama sahani.

Weka kizuizi cha kupimia urefu ili vipande vyote 12 viwe sawa, lakini kizuizi hicho kisikibane kipande kilichokwisha kukatwa. Kipande kidogo kikibanwa kati ya kizuizi na msumeno unaozunguka hurushwa kwa nguvu ya kutoboa bati la paa. Ufito ugonge kizuizi, ushikwe, kizuizi kisogezwe, ndipo ukate. Vipande viondolewe kwa kijiti na kamwe visiokotwe kwa vidole msumeno ukiwa bado unazunguka.

Asiye na msumeno wa meza anaweza kutumia msumeno wa mkono pamoja na kisanduku cha mshazari, chenye mipasuo ya kuongoza msumeno, akiacha kila kipande kirefu kwa milimita 1, kisha akamalizia kila uso kwa randa kali juu ya ubao wa kurandia uliowekewa kona ya digrii 15. Ni kazi ya siku mbili badala ya saa mbili, lakini viungo vyake huwa vizuri kuliko vya msumeno.

Kuunga pete

Panga vipande 12 bila gundi kwanza, vizungushie mkanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, vuta mpaka vibanane, kisha inua pete mbele ya dirisha. Hapa usiwe na haraka. Mwanga hupenya mahali jicho halioni ufa, na mstari mwembamba wa jua unaoonekana upande wa ndani wa kiungo, huku nje pakiwa pamefunga, unakuambia kwamba pembe ni kubwa mno. Ukionekana nje huku ndani pamefunga, pembe ni ndogo. Nimeona wanagenzi wakiikaza pete kwa nguvu mpaka mstari ukapotea, wakaridhika. Pete iliyofungwa kwa kulazimishwa hukaa na msongo ndani yake, na siku moja, pengine bakuli likiwa limeshauzwa, hufunguka palepale ulipopaficha.

Hata vipande vikiwa vizuri, sishauri kuunga pete nzima kwa mara moja. Unga nusu mbili. Panga vipande vyote 12 kwa gundi, lakini kwenye viungo viwili vinavyotazamana usipake kitu, na katikati ya kila kimoja weka vijiti viwili vya kuchokolea meno vyenye unene sawa. Mkanda wa mpira utavibana vyote, na kosa lolote lililobaki katika vile viungo kumi litahamia kwenye viungo viwili vilivyoachwa wazi. Gundi ikikauka utakuwa na nusu pete mbili. Bandika msasa namba 80 juu ya ubao ulionyooka kabisa, simamisha nusu pete juu yake kwa ncha zake mbili, usugue taratibu mpaka ncha zote mbili ziguse msasa kwa wakati mmoja. Kosa lote limeishia kwenye vumbi. Sasa nusu mbili zitakutana bila mwanga kupenya.

Kwa gundi natumia ile nyeupe ya maji ya mafundi seremala. Uso uliokatwa mshazari wa digrii 15 unakaribia kuwa kichwa cha mbao, na vichwa vya nyuzi hufyonza gundi kama mirija. Kiungo kinachopakwa mara moja hubaki kikavu. Paka safu nyembamba, subiri dakika moja au mbili, paka tena, kisha sugua kipande kwa kipande mpaka uhisi vimeanza kushikana. Gundi ikitoka nje ya kiungo kwa shanga ndogo zinazofuatana, kiasi kimetosha, ikitiririka, umezidisha. Wakati wa joto la kaskazi gundi huanza kushika ndani ya dakika chache, kwa hiyo panga vitu vyote karibu kabla ya kufungua chupa. Mtiki na mpingo vifutwe kwa kitambaa chenye thina muda mfupi kabla ya kupaka gundi, ili mafuta yaliyo juu ya uso yaondoke. Mkanda ubaki angalau saa moja, na pete isikerezwe kabla ya saa 24. Siku za mvua mimi husubiri siku mbili.

Pete iliyokauka isawazishwe nyuso zote mbili. Ichorechore kwa penseli uso mzima, isugue kwa mzunguko juu ya ule ubao wenye msasa, na uangalie: mahali penseli ilipobaki ni bondeni. Endelea mpaka alama ya mwisho ifutike.

Kitako

Miaka michache iliyopita nilimtengenezea mteja bakuli lenye kitako cha kipande kimoja cha mwembe, chenye kipenyo cha milimita 120, nikakigundisha kwa pete ya mninga iliyo juu yake. Lilikaa dukani miezi miwili bila dosari. Mteja alilipeleka Dodoma, na baada ya msimu mmoja wa kiangazi akanipigia: "Fundi, bakuli lako limepasuka katikati ya tako." Lilikuwa limepasuka kweli, kwa ufa ulioweza kupitisha shilingi. Kosa lilikuwa langu. Kitako kile kilisinyaa kwa upana wake katika hewa kavu ya bara, ilhali pete, ambayo nyuzi zake zinazunguka, haikukubali kusogea hata kidogo. Na kati ya wawili wasiokubaliana, aliyeshikwa na gundi pande zote ndiye aliyepasuka.

Tangu hapo kitako nakiunda kama pete nyingine yoyote, vipande 12 vyenye urefu wa nje wa milimita 35 na upana wa milimita 51 kwa kipenyo cha milimita 130. Katikati hubaki tundu dogo. Tundu hilo nalikereza liwe duara la milimita 40 na kulizibia kidonge cha mbao, mara nyingi cha mpingo, ambacho ni kidogo kiasi kwamba kusinyaa kwake hakuwezi kuleta madhara. Kwa sababu hiyohiyo usiweke kamwe katika bakuli pete ambayo nyuzi za vipande vyake zimesimama wima, hata kama rangi yake inavutia, kwa maana itavutana na pete za juu na chini yake maisha yake yote.

Kupanga na kukereza

Funga kwa skrubu ubao mnene wa kutupa kwenye sahani ya chuma ya mashine, uukereze uwe bapa, kisha gundisha kitako juu yake. Wapo wanaoweka karatasi ya gazeti katikati ili mwishoni wabandue kwa urahisi. Mimi siipendi njia hiyo kwa bakuli la ukubwa huu. Karatasi ikiachia huku bakuli likizunguka mara 700 kwa dakika, utakuwa na bahati kama litagonga ukuta.

Sawazisha uso wa juu wa kitako kikiwa kwenye mashine, chora juu yake duara la penseli lenye ukubwa wa pete inayofuata, paka gundi, na uweke pete ili kila kiungo chake kiangukie katikati ya kipande cha chini, kama waashi wanavyopanga matofali. Mpangilio huo si urembo tu, kwa kuwa kila kiungo chembamba kinashikwa na mbao nzima juu na chini yake. Kukandamiza kunaweza kufanywa kwa kichwa cha nyuma cha mashine kikisukuma kipande cha plaiwudi, au kwa kutoa sahani na kuweka juu ya bakuli ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga, ambayo ina uzito wa karibu kilo 30. Unga pete moja kwa wakati mmoja.

Usisubiri pete zote tano ziwe juu ndipo uanze kuchimba ndani. Kitako na pete mbili za kwanza zikishakauka, kereza sehemu ya ndani ya chini mpaka karibu na kipimo chake, kwa kuwa sasa patasi inafika bila kujinyoosha mbali na kiegemeo, ile reli ya mashine ambayo patasi hulazwa juu yake. Patasi iliyojitokeza sana hutetemeka, na mtetemeko huo huacha mawimbi ambayo msasa hauyaondoi. Ukimaliza chini, ongeza pete zilizobaki.

Mzunguko wa kwanza uwe wa polepole, mara 400 hadi 500 kwa dakika, kwa sababu pete bado zina kona na mrundo haujasawazika. Simama pembeni, usisimame mbele ya bakuli, na uvae kinga ya uso mzima. Likishakuwa duara unaweza kupanda hadi 700 au 900. Upande wa nje kereza kutoka kitakoni kwenda mdomoni, na wa ndani kutoka mdomoni kwenda katikati, ukitumia bobari, yaani patasi yenye mkunjo kama mfereji, iliyonolewa punde, kisha umalizie kwa patasi bapa ya kukwangulia. Umeme ukikatika, zima swichi kabla ya kufanya lolote lingine. Umeme unaporudi haubishi hodi, na mashine iliyoachwa imewashwa huku patasi ikiwa imelala juu ya kiegemeo ni balaa.

Ukuta ufike unene wa milimita 8, ukipimwa mara kwa mara kwa bikari ya miguu iliyopinda. Unaweza kwenda chini zaidi, lakini kwa bakuli la kwanza sioni faida.

Msasa na mafuta

Anza na msasa namba 120, kisha 180, 240 na 320, mashine ikienda polepole na mkono ukiwa mwepesi. Gundi nyeupe hulainika kwa joto, na anayekandamiza msasa mpaka vidole vikaungua ameviunguza viungo pia. Baada ya siku chache utahisi kwa ukucha vituta vidogo kwenye kila kiungo. Kama umetumia mpingo pamoja na mbao nyeupe, vumbi lake jeusi litaingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe na kuipaka masizi, kwa hiyo lipulize kwa hewa badala ya kulifuta kwa kitambaa, na upake safu nyembamba ya sila, ile rangi ya kuziba vinyweleo, kabla ya kufikia msasa laini. Barakoa ivaliwe wakati wote, kwa sababu vumbi la mpingo na la mvule huwasha ngozi na kusumbua kifua, na kuna mafundi ambao miili yao imeyakataa kabisa.

Likate bakuli kutoka kwenye ubao wa kutupa kwa patasi nyembamba ya kutenganishia, ukiacha kishina kidogo cha kumalizia kwa msumeno wa mkono mashine ikiwa imezimwa. Chini ya kitako pachimbwe kwa patasi na msasa paingie ndani kidogo, ili bakuli likae juu ya ukingo wake na lisiyumbe mezani.

Mafuta ya nazi siyashauri, ingawa ndiyo yaliyo karibu na kila nyumba ya pwani, kwa kuwa baada ya muda huchacha na kulipa bakuli harufu. Nunua duka la dawa yale mafuta ya parafini ya maji yasiyo na rangi wala harufu, ambayo watu huyanywa kulainisha choo, na uangalie usije ukapewa mafuta ya taa kwa kufanana majina. Yeyusha sehemu 1 ya nta ya nyuki katika sehemu 4 za mafuta hayo kwa uzito, ndani ya sufuria iliyowekwa juu ya maji ya moto badala ya motoni moja kwa moja. Paka mchanganyiko ukiwa vuguvugu, uache usiku kucha, kisha futa na usugue.

Bakuli la namna hii litumike kwa vitu vikavu, kama vile machungwa ya Muheza, tende au korosho. Mchuzi usiwekwe humo, wala lisilowekwe kwenye maji pamoja na vyombo vingine, kwa kuwa gundi nyeupe ya kawaida haivumilii kulowa. Likichafuka lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na kukaushwa hapohapo, na rangi ikianza kufifia, lipakwe tena mchanganyiko uleule.